Maswali ya Wasomaji: Barafu ya Kwanza na Samaki Walio Chini Yake

Kila mwaka, majani ya miti yanapokwisha kuanguka na maziwa ya hapa Minnesota, Marekani, yanapoanza kufunga utando wa barafu kandokando, safu hii hupokea barua zinazofanana. Wasomaji wetu waliohamia huku kutoka Kisii, Musoma, Uvira na kwingineko hualikwa na majirani au wafanyakazi wenzao kwenda kuvua juu ya barafu, nao hawajui kama wacheke au waogope. Mwezi huu nimeamua kuzijibu barua hizo kwa pamoja, ingawa sikuzipa nafasi sawa. Swali la kama barafu inabeba au haibebi nimelijibu kwa kirefu, kwa kuwa mtu akikosea hapo majibu mengine yote hayatamfaa kitu.

Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Kisii, na ninafanya kazi ya kuhudumia wazee mjini Rochester. Wenzangu wa zamu wamenialika twende kuvua juu ya ziwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, wakisema kwamba siku za mwanzo ndizo zenye samaki. Nilikua mbali na ziwa, kuogelea kwenyewe ni kwa kubahatisha, na kila nikiitazama barafu hiyo naona kioo tu. Nitajuaje kwamba itanibeba?

Marahaba, mwanangu. Wenzako wamesema kweli kuhusu samaki. Ambalo pengine hawakukuambia ni kwamba siku hizohizo za mwanzo ndizo barafu inapokuwa nyembamba na isiyotabirika, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mvuvi wa Desemba ni kupima anapokanyaga, na samaki watafuata baadaye.

Elewa kwanza jinsi ziwa linavyoganda. Maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yanapofikia nyuzi 4 za Selsiasi. Baridi ya Oktoba na Novemba inapoyapoza maji ya juu, hayo huzama na yale ya chini hupanda, mpaka ziwa zima likaribie nyuzi hizo 4. Baada ya hapo maji yanayozidi kupoa hubaki juu kwa sababu sasa ni mepesi kuliko yaliyo chini yake, na usiku mmoja wa baridi kali usio na upepo hutosha kuyafunga. Ndiyo sababu vijiziwa vyenye kina kifupi na ghuba zilizokingwa na miti huganda mapema, wakati ziwa kubwa lenye kilindi bado linapiga mawimbi katikati. Kwa ziwa moja, basi, barafu ya ufukweni inaweza kuwa na siku kumi na ile ya mita mia tatu mbele ikawa imezaliwa juzi. Mtu akikuambia kwamba ziwa fulani lina barafu ya sentimita kadhaa, muulize ni mahali gani na ni lini alipopima.

Idara ya Maliasili ya Minnesota hutoa vipimo ambavyo wavuvi wengi wa hapa wanavikariri. Barafu isiyofika sentimita 10, ambazo ni inchi 4, haikanyagwi. Ikifika sentimita 10 na ikiwa ni mpya na angavu, mtu anayetembea kwa miguu anaweza kuipita. Pikipiki ya theluji huhitaji kati ya sentimita 13 na 18, gari dogo huhitaji sentimita 23 hadi 25, na pikapu ya kawaida huhitaji zipatazo 33. Zingatia maneno hayo ya mpya na angavu. Barafu iliyoganda moja kwa moja kutoka kwenye maji huwa na weusi unaokuonyesha kilindi chini ya miguu yako, na ingawa inatisha kuitazama, hiyo ndiyo yenye nguvu. Ile nyeupe kama maziwa, ambayo imechanganyika na theluji iliyolowana ikagandishwa tena, ina viputo vya hewa ndani yake, na vipimo vyote nilivyotaja huzidishwa mara mbili kwa ajili yake. Theluji nayo usiifurahie mapema: blanketi lake huizuia barafu isinenepe, na juu ya hayo huficha nyufa na maji usivione.

Kupima kwenyewe hufanywa kwa mtaimbo wenye makali ya patasi na kwa kekee ya mkono. Kabla ya kupiga hatua piga mtaimbo mbele yako kwa nguvu. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, rudi kwa njia uliyojia bila kubishana na mtu. Ukiwa unaendelea, toboa tundu kila baada ya hatua kadhaa, ingiza fimbo yenye ndoana ya kupimia na usome unene, hasa katika msimu huu ambapo hali hubadilika ndani ya mita chache. Jiepushe na mahali ambapo kijito kinaingia au kutoka ziwani, chini ya madaraja, kwenye mapito membamba kati ya maziwa mawili, karibu na matete na magogo yanayochomoza, na mahali penye chemchemi. Baadhi ya maziwa yamewekewa mashine za kupuliza hewa ili samaki wasife wakati wa baridi, na karibu nazo maji hubaki wazi. Ukiona mabango ya kuonya, usiyakaribie.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilifuata nyayo za watu walionitangulia alfajiri, nikijiambia kwamba palipombeba mwingine patanibeba na mimi. Baada ya mwendo kidogo nilitoboa kwa udadisi tu, nikakuta sentimita 7. Wenye nyayo wale walikuwa vijana wawili wembamba walioburuta kifurushi kidogo. Mimi nilikuwa na kilo zangu 95 na sanduku la vifaa mgongoni. Nilirudi kwa kutambaa, na sioni aibu kulieleza hilo.

Unene peke yake pia hautoshi. Upper Red Lake, kaskazini ya jimbo, ni ziwa pana lenye kina kifupi, kwa hiyo huganda mapema na huvutia umati wa wavuvi wa barafu ya kwanza. Tarehe 28 Novemba 2022 kipande kikubwa cha barafu kilimeguka kutoka ufukweni na kuwaacha watu wapatao 200 wakielea upande wa pili wa maji, hadi waokoaji walipowatoa kwa maboti. Mwishoni mwa Desemba 2023 jambo kama hilo lilitokea kwenye ziwa hilohilo, na watu zaidi ya 100 waliokolewa. Wavuvi hao hawakuwa wamesimama juu ya utando. Kilichowaponza ni ufa uliofunguka kati yao na nchi kavu. Kwenye ziwa kubwa, kwa hiyo, tazama utabiri wa upepo kama mvuvi wa ngalawa anavyoutazama kabla ya kutweka tanga, na kama upepo unavuma kwa nguvu kutoka nchi kavu kwenda ziwani, siku hiyo chagua ziwa dogo.

Utasikia pia milio. Barafu hutanuka na kusinyaa joto linapobadilika, na hutoa ngurumo na mingurumo mirefu inayopita chini ya miguu kama treni. Milio hiyo mara nyingi ni ya kawaida, ingawa ninakiri kwamba baada ya miaka kumi na minne bado hunisimamisha nywele. Waulize wenzako kama wana mtaimbo, kekee, kamba na majaketi ya kuokolea maisha. Wakikucheka kwa swali hilo, tafuta watu wengine wa kwenda nao.

Mume wangu amenunua vifaa vya kuvulia kwenye barafu na hazungumzi habari nyingine tangu Novemba ilipoanza. Mimi ndiye nitakayebaki nyumbani na watoto hapa Saint Cloud. Naomba unieleze bila kunibembeleza: mtu akitumbukia, ana muda gani wa kuokoka?

Dada yangu, ana muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani, na kudhani kwao huko ndiko kunakowaua, kwa maana mtu anayeamini kwamba atakufa ndani ya dakika mbili huhangaika na kujimaliza nguvu. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye ameingia mwenyewe katika maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti wake, amelifupisha jambo hili kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1.

Dakika 1 ya kwanza ni ya pumzi. Ngozi inapoguswa ghafla na maji baridi kiasi hicho, mtu huvuta pumzi kwa kishindo na kuanza kuhema bila kujizuia. Akiwa kichwa kimezama wakati huo, huvuta maji. Anachotakiwa kufanya ni kubaki juu ya maji na kungoja mhemo upungue, nao hupungua. Jaketi la kuokolea maisha hufanya kazi hiyo kwa niaba yake, na kwa sababu hiyo ninakuomba usimruhusu atoke mlangoni bila hilo. Jaketi hilo huvaliwa ziwani tu. Ndani ya gari linalopita juu ya barafu livuliwe, kwa kuwa gari likizama jaketi humbana aliyelivaa kwenye dari.

Dakika 10 zinazofuata ndizo mikono na miguu inapokuwa bado inamtii. Ageukie upande aliotokea, kwa kuwa barafu ya huko ndiyo iliyokuwa ikimbeba muda mfupi uliopita. Aweke mikono juu ya ukingo, apige miguu kwa nguvu kama anayeogelea mpaka mwili ulale sawa na uso wa maji, kisha ajivute mbele kwa tumbo. Barafu iliyolowana haishikiki kwa vidole, kwa hiyo wavuvi huning'iniza shingoni misumari ya kujiokolea, yaani vishikio viwili vidogo vyenye ncha kali, ambavyo huchomwa kwenye barafu kimoja baada ya kingine. Akishatoka asisimame. Abiringike au atambae mpaka afike mahali alipojua kwamba ni pazuri.

Saa 1 ya mwisho ni muda unaokadiriwa kupita kabla mwili haujapoa kiasi cha kumpotezea fahamu. Akishindwa kutoka ndani ya zile dakika kumi, alaze mikono yake juu ya barafu na aiache igande hapo bila kujitikisa, ili hata akizimia asizame kabla ya msaada kufika.

Aliye pamoja naye naye ana wajibu wake, na wa kwanza ni kutokimbilia tundu. Apige simu 911, alale kifudifudi mbali na ukingo, na arushe kamba au asukume ngazi, fimbo au chochote kirefu. Kwako wewe uliye nyumbani, mwombe mumeo akuachie maandishi ya jina la ziwa, mahali atakapoegesha gari na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita na simu yake haipatikani, usisubiri kwa haya, piga simu.

Mimi ni mwanafunzi hapa Duluth, natokea Arusha. Dukani nimeona hema, kekee za betri, na vifaa vya kuonyesha samaki vyenye bei kuliko ada ya somo zima. Je, maskini anaweza kuvua?

Anaweza, na tena mwanzo wa msimu ndio wakati wake. Barafu ikiwa ya sentimita 12 kekee ya mkono huipasua kwa muda mfupi, na ile ya kipenyo cha sentimita 15 hutosha kwa samaki wengi utakaowapata. Kekee za betri na za mafuta hupata maana Februari, barafu inapokuwa imefika kiunoni mwa mtoto.

Nunua fimbo fupi moja, ya urefu wa sentimita 60 hadi 75, kwa sababu unavua ukiwa umesimama juu ya tundu na fimbo ndefu itakusumbua tu. Nunua mshipi mwembamba, ndoana ndogo zenye chubwi kichwani, na upawa wenye matundu wa kuondolea vipande vya barafu, ambao ule wa jikoni hufaa vilevile. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko ni kiti, ni kapu la samaki, na ni sanduku la vifaa. Sleji ya plastiki ya watoto, ile ya kuburutwa juu ya theluji, itabeba vyote hivyo. Fedha iliyobaki iweke kwenye mtaimbo, misumari ya kujiokolea, na viatu vya chuma vya kuvalishwa juu ya buti ili usiteleze, kwa kuwa barafu mpya isiyo na theluji ni laini kama vigae vilivyomwagiwa mafuta na watu wengi zaidi huumia kwa kuanguka chali kuliko kwa kutumbukia.

Kuhusu nguo, kosa la wengi wetu ni kuvaa pamba nyingi. Pamba hunywa jasho na kulishika, na jasho hilo likipoa unaganda ukiwa ndani ya sweta tatu. Vaa karibu na ngozi nguo ya sufu au ya nailoni, juu yake nguo ya kuhifadhi joto, na juu kabisa kitu kisichopitisha upepo. Unapokokota sleji legeza zipu ili usitoke jasho, kisha uifunge unapoketi. Buti zisikubane: soksi mbili nene ndani ya buti iliyojaa huzuia damu na kuugandisha mguu haraka kuliko soksi moja ndani ya buti yenye nafasi.

Ukikaribishwa katika hema la mtu mwenye jiko la gesi, furahia joto, lakini hakikisha tundu la hewa limeachwa wazi na kuna kengele ya kugundua kaboni monoksidi, ile hewa yenye sumu itokayo kwenye moto. Hewa hiyo haina harufu, na dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma na usingizi, ambavyo mtu juu ya barafu hudhani ni uchovu. Sisi tuliokua tukisikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani tunalijua jambo hili vizuri.

Nimevua sato na sangara tangu utotoni kule Musoma, na nimefundishwa na baba yangu kusoma maji. Sasa niko Moorhead, na juu ya barafu hii sioni mawimbi, sioni ndege, sioni kitu. Samaki wako wapi, na nawavuaje?

Kaka, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Ujuzi wako haujapotea, umefunikwa tu. Anza kwa kulitazama ziwa hilo kabla halijaganda, au kwa kusoma ramani ya kina chake, ambayo Idara ya Maliasili huitoa bure kwa maziwa mengi.

Sababu ya siku za mwanzo kuwa na samaki wengi iko kwenye majani ya majini. Barafu inapoanza kufunga, majani yaliyo kwenye kina cha mita 2 hadi 4 bado ni mabichi, mwanga bado unapenya kioo kisicho na theluji, na majani hayo yanaendelea kutoa oksijeni na kuwahifadhi wadudu na samaki wachanga. Samaki wakubwa wanawafuata hao. Wiki zinapopita, theluji huzuia mwanga, majani hufa na kuoza, oksijeni ya sehemu za kina kifupi hupungua, na samaki huhamia kwenye mabonde ya katikati ambako kuwatafuta ni kazi ya kutoboa matundu mengi. Kwa hiyo Desemba tafuta ukingo wa majani yaliyo mabichi. Ukitoboa na ndoana ikapanda na jani la kijani, kaa hapo. Ikipanda na jani jeusi linalonuka, hama.

Pechi wa manjano na blugili, ambao ni samaki wadogo wanaofaa kwa anayejifunza, huvuliwa mchana kutwa kwa funza au kipande kidogo cha nyungunyungu. Teremsha chubwi mpaka liguse chini, lipandishe kama shubiri moja na nusu, litikise kidogo, kisha liache litulie. Katika utulivu huo ndipo wanapouma, na hawaumi kama sato: katika maji ya nyuzi 4 mwili wa samaki umepunguza mwendo, naye huvuta chambo kama anayekunywa uji wa moto. Tazama ncha ya fimbo. Ikilegea badala ya kuvutwa, samaki ameinua chambo. Inua mkono taratibu.

Wolai, samaki mwindaji, ndiye anayewatoa watu wa Minnesota vitandani. Macho yake yana tabaka linaloakisi mwanga, kama ya sangara unayemkumbuka aking'aa macho chini ya karabai, kwa hiyo huwinda giza linapoingia, wakati pechi haoni tena vizuri. Mtege kwenye mteremko wa kwanza kutoka ufukweni kuelekea kilindini, kuanzia saa kumi jioni ambapo jua la Desemba huwa tayari linazama, kwa kidagaa hai au chambo bandia kinachomeremeta. Mbinu yako ya kumshawishi kwa kupandisha na kushusha haibadiliki, isipokuwa punguza nusu ya nguvu na uongeze mara mbili ya subira. Kama unamtaka paiki, mwenye meno kama msumeno, weka mtego wa bendera, ambao hukaa juu ya tundu na kuinua kibendera samaki anapovuta, na kati ya mshipi na ndoana funga waya.

Mambo mawili ambayo Musoma hayakuwapo. La kwanza ni kelele. Juu ya barafu angavu yenye maji ya mita 2 chini yake, samaki wanakusikia ukiburuta ndoo na wanakiona kivuli chako; toboa matundu yako yote mapema, uyaache yapoe kwa nusu saa, kisha urudi kwa miguu myepesi. La pili ni kurudisha samaki. Wolai, na samaki mwingine wa huku aitwaye krapi, wanaotolewa kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 9 mara nyingi hufika juu kibofu chao cha hewa kikiwa kimevimba, na ukiwarudisha hufa. Ukiwa umetosheka na samaki wako, usiendelee kuvua kilindini kwa kujifurahisha.

Familia yetu ilitoka Uvira, tukapitia kambi ya Nyarugusu, na sasa tuna miezi mitano hapa Saint Paul. Si raia bado. Je, tunaruhusiwa kuvua, na watoto nao wanahitaji kibali?

Mnaruhusiwa, na karibuni sana. Leseni ya kuvua haiulizi uraia. Mtu aliyeishi Minnesota kwa siku 60 hulipa bei ya mkaazi, na mtoto wa mkaazi aliye chini ya umri wa miaka 16 hahitaji leseni. Leseni ya mwaka huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Machi hadi siku ya mwisho ya Februari, kwa hiyo mtakayoinunua Desemba haitafika kiangazi. Kila Januari huwa na mwisho mmoja wa wiki ambapo mkaazi anayemtoa mtoto kwenda kuvua kwenye barafu hahitaji leseni. Kwa familia inayotaka kujaribu kwanza, hiyo ni nafasi nzuri, na barafu ya Januari ni nene zaidi.

Wakati wa barafu kila mvuvi anaruhusiwa mishipi miwili, tofauti na kiangazi ambapo ni mmoja. Idadi ya samaki wa kuchukua na urefu wao hutofautiana kwa aina na kwa ziwa, na ofisa wa wanyamapori anaweza kufika na kuhesabu, kwa hiyo someni kijitabu cha kanuni cha mwaka husika. Chambo hai kisihamishwe na maji yake kutoka ziwa moja hadi jingine, na takataka zote, hata vichwa vya samaki, hurudi nyumbani pamoja nanyi.

Salamu kutoka Tampere, Ufini. Majirani hapa wanavua kwa kifimbo kifupi kama kijiko na hawalipi chochote. Je, wananidanganya?

Hawakudanganyi. Uvuvi huo wa fimbo moja kupitia tundu la barafu, ambao wenyeji huuita pilkki, uko ndani ya haki ya kila mtu nchini Ufini na hauhitaji leseni wala ada, hata kwa mgeni, isipokuwa katika mikondo ya maji yenye samaki wa kuhama na mahali palipokatazwa waziwazi. Ukianza kutumia fimbo ya kutupa chambo bandia kiangazi, hapo sheria ni nyingine. Misumari ya kujiokolea huko huuzwa madukani ikiwa jozi yenye kamba ya shingoni; inunue kabla ya kifimbo.

Mimi ni mjamzito na mume wangu ameniletea wolai wanne wakubwa. Ni salama kula? Na wanapikwaje, maana si sangara?

Hongera, mama. Samaki wanaowinda wenzao hukusanya zebaki mwilini kadiri wanavyozeeka, kwa hiyo wolai mkubwa ana zebaki kuliko mdogo, na Idara ya Afya ya Minnesota hutoa mwongozo maalumu, kwa kila ziwa, kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka 15. Mpelekee mkunga au daktari wako jina la ziwa na ukubwa wa samaki, na kwa sasa waachie wakubwa hao watu wengine wa nyumbani. Wewe mwombe mumeo akuletee blugili na pechi wadogo, ambao kwa kawaida wana zebaki kidogo. Nao pia mwongozo huo unawawekea kiasi cha kula kwa wiki au kwa mwezi.

Kuhusu mapishi, wolai hana mafuta ya sangara, na nyama yake nyeupe hupasuka ikichemshwa muda mrefu. Usimtie kwenye mchuzi tangu mwanzo. Mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mkaange kidogo mpaka ashikane, kisha mchuzi wa nazi ukiwa umekwisha kuiva na kuwa mzito, mlaze juu yake kwa dakika tano na ufunike. Mashavu yake usiyatupe pamoja na kichwa. Ni madogo kama sarafu, na waliozoea samaki huyu huyagombania mezani.